Kutoka KCSE Hadi Chuoni: Mwongozo Kamili kwa Mwanafunzi Mwenye Ulemavu Jijini Nairobi

Kila mwaka matokeo ya KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari, yanapotangazwa, familia nyingi za Nairobi zenye kijana mwenye ulemavu huanza kutafuta chuo kitakachompokea, na kozi anayoitaka kijana mwenyewe huja kuulizwa mwisho. Mwongozo huu unafuata mpangilio mwingine: kozi kwanza, kisha mahali inapofundishwa, kisha msaada utakaomwezesha kuisoma na kuimaliza. Nimeupanga hivyo kwa sababu mwanafunzi anayechaguliwa kozi kwa kutazamwa ulemavu wake huishia pale pale walipopelekwa waliomtangulia: asiyeona kwenye ualimu, kiziwi kwenye cherehani au useremala, na anayetumia kiti cha magurudumu kwenye kozi yoyote itakayopatikana ghorofa ya chini. Kazi hizo zina heshima yake na wapo wanaozipenda kwa dhati, lakini anayestahili kuzichagua ni yule atakayezifanya.

Hatua zilizo hapa chini zimefuatana kwa wakati, maana karatasi inayopatikana katika hatua moja mara nyingi ndiyo inayodaiwa katika hatua inayofuata. Anayeanza akiwa bado kidato cha nne hupata nafasi ya kurekebisha mambo, ilhali anayeanza wiki ya kuripoti hujikuta akitafuta mkalimani wakati mihadhara imeshaanza.

Hatua ya kwanza: Jisajili na ufanyiwe tathmini

Usajili katika Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, ambalo wengi hulifahamu kwa kifupi cha NCPWD, ndio msingi wa mengi yatakayofuata. Makao yake makuu yako Waiyaki Way, Westlands, karibu na ABC Place, na lina maafisa katika kaunti. Safari yenyewe huanzia hospitalini: mwombaji hupimwa na jopo la wataalamu katika hospitali ya umma iliyoidhinishwa kufanya kazi hiyo, ripoti yake huthibitishwa na Wizara ya Afya, kisha maombi ya usajili hukamilishwa kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali. Jopo la tathmini kwa kawaida halikai kila siku, kwa hiyo uliza siku ya kliniki kabla ya kutoa nauli. Beba kitambulisho, au cheti cha kuzaliwa ikiwa hujatimiza miaka 18, pamoja na rekodi zote za matibabu ulizonazo, hata zile za zamani zilizochakaa, kwa sababu ndizo zinazoonyesha kwamba hali yako ni ya muda mrefu.

Wenye ulemavu usioonekana kwa macho, kama kifafa, usonji, disleksia au ugonjwa wa akili wa muda mrefu, wanazihitaji karatasi hizi kuliko mtu mwingine yeyote, kwa kuwa hakuna mhadhiri atakayeibaini hali yao kwa kuwatazama. Kwao, na kwa kweli kwa kila mwanafunzi, napendekeza pia tathmini ya kielimu. Taasisi ya Elimu Maalumu ya Kenya, KISE, iliyoanzishwa mwaka 1986 na iliyoko Kasarani karibu na barabara ya Thika, ina kituo cha kufanya tathmini ya aina hiyo. Ripoti ya hospitali hueleza una hali gani mwilini, ilhali ripoti ya kielimu hueleza unajifunza vipi: kwamba unasoma polepole lakini unaelewa vyema unaposikiliza, kwamba mkono wako huchoka baada ya nusu saa ya kuandika, au kwamba unahitaji herufi za ukubwa fulani. Chuo kinaweza kuifanyia kazi ripoti ya pili moja kwa moja, lakini ile ya kwanza mara nyingi huwekwa tu kwenye faili.

Vijana wengine hukataa kujisajili kwa kuogopa kwamba jina lao likishawekwa kwenye orodha watakataliwa nafasi. Hofu hiyo ina chimbuko lake na sitaipuuza. Hata hivyo, Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inazihesabu taarifa za afya kuwa data nyeti, na kuijulisha ofisi inayohusika hakumaanishi kulitangazia darasa zima. Unaweza kumweleza afisa wa mahitaji maalumu na mkuu wa idara yako, na wengine usiwaambie neno.

Hatua ya pili: Ichambue kozi kazi kwa kazi

Hapa ndipo ninapowaomba wazazi wawe na subira. Chukueni kozi mbili au tatu ambazo kijana anazitamani, na kila moja mwiandikie shughuli ambazo mwanafunzi hufanya ndani ya wiki ya kawaida: kusoma vitabu, kuandika, kuchora, kushika vifaa vya maabara, kusafiri kwa mafunzo ya nje, kuzungumza mbele ya watu. Kisha kila shughuli iulizwe swali moja: je, inaweza kufanywa kwa njia nyingine na matokeo yakawa yale yale?

Chukua mfano wa kijana asiyeona anayetaka sayansi ya kompyuta. Kuandika msimbo ni kazi ya maandishi, na programu ya kusoma skrini huyasoma maandishi hayo mstari kwa mstari, kwa hiyo sehemu kubwa ya kozi haina kizuizi cha lazima. Patakapokuwa na ugumu ni kwenye michoro na kwenye kozi ndogo za usanifu wa picha, na hapo atahitaji maelezo ya maneno au kazi mbadala. Katika maabara ya kemia, mwanafunzi ambaye mikono yake haina nguvu anaweza kuwa na msaidizi anayemimina na kupima kwa kufuata maagizo yake, naye ndiye anayeamua kinachofuata na kuandika matokeo, kwa kuwa kinachopimwa ni ujuzi wake wa kemia. Kiziwi anayetaka uanahabari ana uwanja mpana katika kamera, uhariri wa video na uandishi, hata kama usomaji wa habari redioni haumfai.

Zipo pia kozi ambazo mwisho wake ni kusajiliwa na bodi ya taaluma, kama vile uuguzi, udaktari na uhandisi. Kwa kozi hizo, usitosheke na jibu la chuo peke yake. Iandikie bodi yenyewe uulize kama kuna sharti lolote la kimwili, nao wakujibu kwa maandishi, kwa maana ni uchungu mkubwa kusoma miaka minne au zaidi kisha ukwame mlangoni mwa leseni.

Angalia vilevile masomo ya KCSE yaliyowekwa kuwa sharti. Mtahiniwa kiziwi aliyefanya Lugha ya Ishara ya Kenya badala ya Kiswahili, au asiyeona aliyefanya mtihani wa Biolojia uliotayarishwa kwa wasioona, asome masharti ya kozi neno kwa neno, na akiona shaka yoyote aulize kabla dirisha la maombi halijafungwa.

Hatua ya tatu: Ijue milango iliyopo

Kwa utaratibu wa kawaida, alama ya wastani ya C+ hufungua mlango wa shahada, C- wa diploma, D wa cheti, na kozi za ufundi stadi hupokea walio chini ya hapo. Aliyepata alama ya chini anaweza kupanda kutoka cheti hadi diploma na hatimaye shahada, na wengi wamefika hivyo.

Kwa wanaotaka chuo kikuu, jambo moja kuhusu Chuo Kikuu cha Nairobi husahaulika sana: kuchagua kozi ni kuchagua kampasi. Anayesoma sheria ataenda Parklands, anayesoma ualimu ataenda Kikuyu, wa sayansi atakuwa Chiromo, na wa kilimo Upper Kabete. Mazingira ya kampasi hizo hayafanani, kwa hiyo sifa uliyoisikia kuhusu moja usiihamishie kwa nyingine. Chuo Kikuu cha Kenyatta, kilichoko Kahawa kwenye barabara ya Thika, kina ofisi inayowashughulikia wanafunzi wenye ulemavu na kimepokea wanafunzi wengi wasioona kwa miaka mingi, jambo ambalo lina uzito wake, kwa sababu mhadhiri aliyewahi kufundisha mwanafunzi anayetumia breli haanzi na mshangao. Eneo lake, hata hivyo, ni pana sana, na anayetembea kwa magongo ni lazima aufikirie umbali kati ya bweni na ukumbi wa mihadhara. Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Kenya kiko Haile Selassie Avenue, katikati ya jiji, karibu na vituo vya matatu.

Kwenye mafunzo ya kiufundi, taasisi za kawaida kama Kabete National Polytechnic na P.C. Kinyanjui hupokea wanafunzi wote. Pamoja nazo zipo taasisi za umma zilizoanzishwa mahsusi kwa wenye ulemavu: ya viziwi huko Karen, ya wasioona mjini Machakos, ya viziwi Nyang'oma katika kaunti ya Siaya, na ya Sikri katika kaunti ya Homa Bay, inayowahudumia wasioona na viziwi. Wizara inayosimamia masuala ya jamii nayo ina vituo vya kuwafunza ufundi watu wenye ulemavu, kikiwemo kimoja hapa Nairobi.

Je, ni bora taasisi maalumu au ya kawaida? Nimewasikia watu wakilijibu swali hili kwa mkato, na siafikiani nao. Kwa kijana kiziwi ambaye lugha yake ya kwanza ni ya ishara, kuwa mahali ambapo mwalimu, mpishi na mlinzi wa lango wote wanaongea kwa mikono ni jambo ambalo mkalimani mmoja katika chuo cha kawaida hawezi kulileta. Kwa upande mwingine, orodha ya kozi katika taasisi maalumu ni fupi, na anayetaka kozi ya kiwango cha juu huenda asiipate humo. Kwa mtu aliyepoteza uwezo wa kuona akiwa mtu mzima, kipindi cha kujifunza breli, fimbo nyeupe na kompyuta yenye sauti huko Machakos, takriban kilomita 60 tu kutoka Nairobi, kinaweza kuwa maandalizi bora kabisa kabla ya kurudi chuo kikuu.

Tangu mwaka 2023 kuna pia Chuo Kikuu Huria cha Kenya, chenye makao Konza, kinachofundisha kupitia mtandao. Kinamfaa ambaye safari ya kila siku humchosha au humtia maumivu. Kabla ya kujiandikisha, omba kuonyeshwa jukwaa lake la masomo ulijaribu kwa programu yako ya kusoma skrini, na upige hesabu ya gharama ya intaneti kwa muhula mzima. Mwisho, aliyekwisha kujifunza kazi jua kali, awe fundi wa viatu, wa simu au wa nguo, aulize kuhusu utaratibu wa kutambua ujuzi uliopatikana nje ya darasa, ambao unasimamiwa na mamlaka ya sifa za kitaaluma, KNQA. Kwa njia hiyo hupimwa kwa anachokijua na kupewa cheti.

Hatua ya nne: Kizuru chuo kabla ya kukichagua

Tovuti haitakuonyesha mtaro ulio wazi. Nenda chuoni siku ya masomo, kwa matatu ile ile utakayoipanda na saa ile ile ya asubuhi, ili uone kama makanga anakubali kupakia kiti cha magurudumu na kama anadai nauli ya pili kwa ajili yake. Kuanzia kituoni hadi langoni, angalia njia ya miguu: je, ina bodaboda zilizoegeshwa juu yake, au mawe yaliyong'oka?

Beba utepe wa kupimia. Kiti cha magurudumu cha kawaida kina upana wa sentimita 65 hivi, na mlango usiofika sentimita 80 utakukwaruza vidole kila siku. Pima mlango wa choo hasa, kwa sababu vyuo vingi huutengeneza mlango wa ukumbi vizuri na kuusahau wa choo. Kuhusu njia za mteremko, kipimo kinachokubalika ni kwamba kila sentimita moja ya kupanda inahitaji sentimita 12 za urefu. Hivyo jukwaa lililoinuka sentimita 60 linahitaji mteremko wa mita 7.2, na ukikuta umejengwa wa mita mbili, jua kwamba huo hutaweza kuupanda bila kusukumwa, na wakati wa kushuka mvua ikinyesha utakuwa hatari. Uliza lifti ilifanya kazi lini mara ya mwisho, ni nani mwenye ufunguo wake, na mihadhara huhamishiwa wapi inapoharibika.

Mwenye ualbino atazame mwanga unaoingia madirishani na kivuli kilichopo kati ya majengo. Kiziwi aketi nyuma ya ukumbi, kisha mbele, aone ni wapi anaweza kumwona mhadhiri na mkalimani kwa pamoja bila kugeuza shingo, na kama taa huzimwa wakati projekta inapowashwa, maana gizani mikono ya mkalimani haionekani.

Halafu watafute wanafunzi wenye ulemavu walioko pale. Usiwaulize kama chuo ni kizuri. Waulize: mara ya mwisho mkalimani alipokosekana, ilikuwaje? Karatasi ya mtihani ya breli ilifika pamoja na za wengine, au ilichelewa? Majibu ya maswali ya namna hiyo hayana porojo.

Hatua ya tano: Omba nafasi

Nafasi za umma za shahada, diploma na cheti hupangwa na KUCCPS, shirika la serikali ambalo ofisi zake ziko ACK Garden House, 1st Ngong Avenue. Maombi hufanywa kwenye tovuti yake dirisha linapofunguliwa baada ya matokeo. Jaza sehemu ya ulemavu bila kusita na uweke nambari yako ya usajili wa NCPWD, kwa kuwa upangaji huwazingatia waombaji wenye ulemavu kwa namna maalumu na hauwezi kumzingatia mtu ambaye haujui kwamba yupo. Kozi unayoitaka kwa moyo iweke mwanzo, na kozi zile zile katika vyuo mbalimbali zifuate kulingana na ulichokiona ulipozuru. Ukipangwa mahali pasipokufaa, kuna dirisha la kuhama kutoka chuo kimoja hadi kingine; litumie mapema na uambatishe ripoti ya tathmini.

Hatua ya sita: Panga fedha, na usisahau gharama zilizojificha

Tangu mwaka 2023, ufadhili wa wanafunzi wa vyuo vya umma huangalia uwezo wa familia, na mwanafunzi hupewa sehemu ya ufadhili na sehemu ya mkopo wa HELB, bodi ya serikali ya mikopo ya elimu ya juu. Ulemavu ni mojawapo ya mambo yanayozingatiwa, kwa hiyo fomu ijazwe kwa ukamilifu. Mwenye tatizo la maombi anaweza kwenda kwenye ofisi za HELB zilizoko Anniversary Towers, University Way. NCPWD nayo, kupitia mfuko wake wa maendeleo, hutoa msaada wa karo na wa vifaa saidizi. Zaidi ya hapo kuna basari za NG-CDF, mfuko wa maendeleo wa eneo bunge lako, basari za kaunti kupitia wadi, na NGAAF, mfuko wa serikali kwa makundi yaliyo pembezoni. Omba zote kwa wakati mmoja, na uwe na nakala nyingi za barua ya kupokelewa, muundo wa karo na kadi ya NCPWD.

Bajeti za wazazi wengi huwa na karo, bweni na chakula tu. Mwanafunzi mwenye ulemavu ana gharama nyingine zinazorudi kila mwezi: betri za kifaa cha kusikia, mafuta ya kukinga jua, mipira na breki za kiti cha magurudumu, karatasi nzito za breli, teksi siku ambayo njia imejaa maji, na pengine chakula cha msaidizi binafsi. Zipigie hesabu kwa mwezi, zizidishe kwa miezi ya muhula, na uziandike waziwazi katika kila ombi la basari. Kamati ikiona shilingi ngapi zinakwenda wapi, huelewa kwa nini wanafunzi wawili wa kozi moja hawawezi kuhitaji kiasi sawa.

Hatua ya saba: Andika barua ya mahitaji

Hii ndiyo hatua ninayoithamini kuliko zote, na ndiyo inayorukwa zaidi. Mara upatapo barua ya kupokelewa, usisubiri siku ya kuripoti. Iandikie ofisi ya masuala ya wanafunzi, na nakala umpelekee mkuu wa idara yako, ukieleza unachohitaji. Vyuoni barua kama hii kwa kawaida huandikwa kwa Kiingereza. Hapa naiweka kwa Kiswahili ili mpangilio wake uonekane:

"Nimepokelewa kusoma diploma ya uhasibu kuanzia muhula ujao, na nina uoni hafifu. Nasoma herufi za ukubwa wa 18 au zaidi, na siwezi kuona kinachoandikwa ubaoni hata nikiketi mstari wa mbele. Naomba mambo matatu: kutumiwa slaidi kwa barua pepe siku moja kabla ya mhadhara, karatasi za mitihani zichapishwe kwa herufi kubwa, na nipewe muda wa ziada katika mitihani. Nimeambatisha nakala ya kadi ya NCPWD na ripoti ya tathmini. Naomba kujulishwa, wiki mbili kabla ya masomo kuanza, ni afisa gani atakayeshughulikia kila jambo."

Tazama yaliyomo. Hali imeelezwa kwa mstari mmoja, athari yake darasani kwa mstari wa pili, na maombi yanahesabika. Ofisi inayoandikiwa kwamba "naomba msaada" inaweza kujibu kwamba itasaidia, na jambo likaishia hapo, lakini inayoombwa herufi za ukubwa wa 18 ni lazima iseme ndiyo au hapana. Weka nakala yenye muhuri wa kupokelewa, au barua pepe yenye tarehe.

Kiziwi anayehitaji mkalimani aulize katika barua yake ni nani atakayemlipa, na kama masomo ya saa mbili au tatu mfululizo yatakuwa na wakalimani wawili wa kupokezana, kwa sababu kazi ya kutafsiri kwa ishara huchosha na ubora wake hushuka mtu akiifanya peke yake kwa muda mrefu. Aombe pia kwamba mkalimani apewe mapema msamiati wa somo.

Hatua ya nane: Tafuta vifaa na ujifunze kuvitumia kabla ya muhula

NVDA ni programu ya kusoma skrini inayopatikana bure kwa kompyuta za Windows, na simu za Android nyingi tayari zina TalkBack ndani yake, kwa hiyo ukosefu wa fedha usikufanye ungoje programu ya bei ghali. Jifunze njia za mkato za kibodi wakati wa likizo ndefu baada ya mtihani. Muhula ukianza hutakuwa na muda.

Tatizo litakaloibuka mara kwa mara ni la faili zilizopigwa picha. Mhadhiri huweka kurasa za kitabu kwenye skana na kutuma PDF ambayo kwa jicho ni maandishi, lakini kwa kompyuta ni picha tupu, na programu ya sauti hunyamaza. Kuna jaribio la nusu dakika: fungua faili, jaribu kuchagua neno moja kwa kishale. Likikubali kuchaguliwa, faili inasomeka. Ukurasa mzima ukigeuka kama picha moja, mrudishie mhadhiri na umwombe faili asilia. Mwonyeshe jaribio hilo kwa upole, naye atajua cha kufanya kwa wanafunzi watakaokuja baada yako. Kenya ilijiunga mwaka 2017 na Mkataba wa Marrakesh, unaoruhusu vitabu kugeuzwa kuwa breli, sauti au maandishi ya kielektroniki kwa ajili ya wasioweza kusoma chapa ya kawaida, kwa hiyo maktaba ya chuo ikisita kwa hoja ya hakimiliki, itajie mkataba huo.

Kwa viti vya magurudumu na viungo bandia, uliza APDK, shirika la watu wenye ulemavu wa viungo. Kwa fimbo nyeupe na vifaa vya breli, Kenya Society for the Blind, iliyoko barabara ya Lang'ata, ni mahali pazuri pa kuanzia.

Mitihani na mafunzo kazini

Ulipofanya KCSE, baraza la mitihani huenda lilikuandalia karatasi ya breli, herufi kubwa au muda wa ziada. Usidhani kwamba mpangilio huo utakufuata chuoni wenyewe. Uombe upya mwanzoni mwa kila muhula, uthibitishe ratiba ya chumba wiki moja kabla, na ikiwa unatumia mwandishi, yaani mtu anayekuandikia majibu unayoyatamka, fanya naye mazoezi angalau ya mtihani mmoja wa zamani ili azoee namna unavyotamka istilahi za somo lako.

Mafunzo kazini huwashtua wengi kwa sababu chuo humwachia mwanafunzi ajitafutie nafasi. Anza kutafuta muhula mmoja kabla, ukaizuru ofisi hiyo kwa utepe ule ule uliopimia chuo, na mweleze msimamizi wako ni kazi zipi utazifanya na kwa njia gani.

Mambo yakikwama

Kifungu cha 54 cha Katiba ya 2010 kinampa mtu mwenye ulemavu haki ya kufikia taasisi za elimu, kutumia lugha ya ishara, breli au njia nyingine inayomfaa, na kupata vifaa vya kumwondolea vikwazo. Ipo pia Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2025, iliyochukua nafasi ya ile ya 2003. Kuzijua sheria hizi kunakupa lugha ya kuandika malalamiko, lakini anza na aliye karibu: mhadhiri, kisha mkuu wa idara, kisha ofisi ya masuala ya wanafunzi, kila mara kwa maandishi na kwa tarehe ya mwisho ya kujibiwa. Chama cha wanafunzi kishirikishwe mapema. Ukikosa jibu, peleka nakala za barua zote kwa NCPWD, au kwa Tume ya Kitaifa ya Jinsia na Usawa, au kwa Tume ya Haki ya Utawala, ambayo hushughulikia malalamiko dhidi ya ofisi za umma zinazochelewesha au kukataa kumhudumia mwananchi. Huhitaji wakili kuwasilisha malalamiko katika ofisi hizo.

Ikitokea kwamba muhula umefika katikati na msaada haujapatikana, au afya imezorota, usitoweke chuoni kimya kimya. Omba kwa maandishi kuahirisha masomo kabla ya mitihani kuanza, taja sababu, na uijulishe HELB ili mkopo wako usimamishwe kwa muda huo. Mwanafunzi aliyeahirisha kwa barua hurudi katika nafasi yake mwaka unaofuata. Asiyeonekana tu kwenye mtihani huandikiwa sifuri, na kuziondoa sifuri hizo baadaye ni kazi ya miezi mingi.